Mzee ana kisukari na amechoma dhahabu kwa zebaki miaka mingi. Hizi dawa za "kurudisha madini" zina maana?

BintiNyarugusu aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la mzee wangu na naomba anayejua ajibu kwa anachokijua. Wa kuniambia nimwombee, nashukuru, nafanya hivyo kila usiku.

Baba ana miaka 61. Ameishi kwa dhahabu tangu ujana wake, hapa Nyarugusu Geita na kokote kuliposikika kwamba pametema. Magoti yalipogoma akaacha duara, yaani shimo la kuchimbia, akabaki mwaloni, pale panapooshwa dhahabu, anachenjua mawe ya watu na marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Waliokulia huku wanaijua kazi. Unaosha, unatia zebaki kwenye karai, unasugua kwa mikono mitupu, unakamua kwenye kitambaa, halafu kile kidonge cheupe unakiweka kwenye kikopo juu ya mkaa mpaka kigeuke njano. Siku za mvua alichomea jikoni kwa mama. Ugali uko pale, na sisi tuko pale.

Kisukari aliambiwa anacho mwaka 2016. Anameza metformini, na kidonge cha presha kile cha kukojoza. Siku hizi sukari haishikiki, nyayo zinamwaka moto usiku, na kliniki wamesema wameona protini kwenye mkojo.

Sasa wamekuja watu wa semina ya afya. Kipimo cha mwili mzima kwa elfu kumi: unashika kijiti cha chuma, waya umechomekwa kwenye kompyuta, baada ya muda mfupi zinatoka karatasi za rangi. Za baba zinasema risasi juu, zebaki juu, kadimi juu. Zinki chini, seleni chini, magnesi chini, kromiamu chini. Wakamwambia, "Mzee, kisukari chako ni sumu ya metali imekula madini yako." Wakamuuzia paketi ya kuondoa sumu na paketi ya kurudisha madini, laki tatu na arobaini za mwezi mmoja. Mbuzi wawili wameondoka. Na wamemwambia akianza kusikia nafuu apunguze vidonge vya hospitali.

Kinachonichanganya ni kwamba nashindwa kusema ni uongo mtupu. Baba kweli amevuta zebaki. Nimesoma huku na kule nikaona hizo metali kweli zinagombana na madini ya mwili. Je, kuna uhusiano na kisukari? Apimwe wapi kikweli? Na hizo paketi amalize au tuzitupe?

Karasha77:

Binti, mimi nachoma tangu 1998 na sukari yangu iko sawa. Kisukari ni soda na kukaa. Zebaki wanaitia chumvi watu wa semina, wazungu kwanza na hawa sasa.

Ila kuhusu kile kijiti nakuunga mkono. Walikuja kwetu pia. Nikashika, nikaambiwa ini limechoka. Nikatoka, nikamtuma mdogo wangu akarudi akashika kwa jina langu na umri wangu. Ini lilelile, limechoka vilevile. Yule dogo hajawahi hata kuonja bia.

MzeeWaMaabara:

Mwanangu BintiNyarugusu, pole na mzee. Nimestaafu kazi ya maabara, Mwanza, benchi la kemia. Nakujibu kirefu kwa sababu hao waliokuja kwenu wameokota jambo la kweli, wakalibandika bei.

Jambo la kweli ni hili. Kongosho likishatengeneza insulini huihifadhi ikiwa imeshikizwa kwa zinki, molekuli sita za insulini kwa atomi mbili za zinki, mpaka itakapohitajika. Magnesi inatakiwa ili insulini ikifika kwenye seli, seli iitike. Seleni imo ndani ya vimeng'enya vinavyozilinda seli zisiharibiwe na kemikali zinazozalishwa na mwili wenyewe. Sasa njoo kwa hao wageni. Kadimi kikemia ni ndugu wa zinki, kwa hiyo ikiingia mwilini inakalia nafasi za zinki kama abiria mwenye tiketi ya kughushi aliyewahi siti. Mwenye siti akifika anabaki amesimama. Risasi inaigiza kalsiamu, ndiyo maana inaishia mifupani na kukaa humo miongo. Kuna kimeng'enya cha kutengeneza damu kinachoendeshwa na zinki, risasi inakizima, na mtu anapungukiwa damu. Zebaki tabia yake ni nyingine: inaitafuta salfa, na zaidi ya salfa inaitafuta seleni, na ikiishika haiiachii kirahisi. Seleni inaweza kuwamo mwilini lakini sehemu yake imefungwa, haifanyi kazi.

Kuna upande wa pili ambao watu wa semina hawausemi. Kisukari chenyewe kinamwaga madini. Sukari ikipanda figo zinaitoa kwa mkojo, na maji yanayotoka nayo yanachukua zinki na magnesi. Kwa hiyo hata fundi cherehani ambaye hajawahi kuona zebaki, sukari yake ikikaa juu, magnesi yake inaweza kuwa chini. Ukikuta upungufu kwa mgonjwa wa kisukari, wa kwanza kumshuku ni sukari. Kuishusha sukari ni kuziba tundu ambalo hakuna paketi italijaza. Hapo ndipo ninapokasirika kusikia mzee ameambiwa apunguze vidonge.

Kama metali ndizo zinazoleta kisukari, jibu linategemea ni metali gani. Aseniki kwenye maji ya kunywa ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, ulianza kuonekana Taiwan na Bangladesh kwa watu wanaokunywa maji ya visima yenye aseniki nyingi. Kwa zebaki tafiti zinapingana. Na nyie wa Geita msiisahau hiyo aseniki, maana miamba ya dhahabu mara nyingi huwa nayo, na watafiti wameshakuta baadhi ya vyanzo vya maji karibu na migodi ya kanda ya ziwa vikiwa juu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), mikrogramu 10 kwa lita. Maji ya kunywa nyumbani mnachota wapi?

Karasha77, kijana wangu, mwaka 2003 mradi wa Umoja wa Mataifa ulipima watu Rwamagasa, hapo hapo Geita, ukalinganisha na watu wa Katoro. Walioonekana kuathirika zaidi walikuwa wachomaji. Zebaki ukiimeza ikiwa majimaji, tumbo halinyonyi karibu chochote. Ukiivuta ikiwa mvuke, mapafu yanachukua kama asilimia 80. Kwa hiyo mwenye hatari kubwa ni wewe mwenye kikopo na mkaa, na mama aliyekaa karibu na jiko.

Sasa figo, ambazo kwangu ndizo habari yenyewe. Zebaki ya kuchoma hukusanyika kwenye figo. Kadimi nayo hukaa kwenye figo, miaka 10 hadi 30 ndipo ipungue nusu. Kisukari kinaharibu figo hizo hizo. Protini kwenye mkojo wa mgonjwa wa kisukari daktari ataiandika kuwa ni ya kisukari, na mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini zebaki pia huleta protini kwenye mkojo, na daktari hawezi kuifikiria kama hajui mzee anafanya kazi gani. Hebu chukua kadi yake ya kliniki uangalie sehemu ya kazi. Nina hakika wameandika "mkulima".

Kipimo: kwa mvuke wa zebaki ni mkojo, ukisomwa pamoja na kreatinini, ile taka ya misuli inayotolewa na figo. Kwa risasi ni damu. Kanda ya ziwa uliza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali hapo Mwanza, lakini pitia kwa daktari kwanza akuandikie, ili majibu yakirudi kuwe na mtu wa kuyasoma. Na nakuomba sana: mkojo usichukuliwe mwaloni. Mzee aoge, abadili nguo, anawe mikono kwa sabuni, atumie kopo jipya la maabara. Nimeshapokea mkojo kwenye chupa ya maji iliyokuwa imekaa kwenye kibanda cha kuchomea. Hiyo chupa ilikuwa na zebaki kabla ya mkojo kuingia, na majibu yake yangemtisha hata simba.

Jambo moja zaidi. Mpe karatasi na kalamu aandike jina lake. Halafu mpe kikombe cha chai kwenye kisahani, uone kama mkono unatetemeka.

BintiNyarugusu:

Shikamoo mzee. Nimeangalia kadi. "Kazi: mkulima." Nimecheka kwa hasira. Baba hana hata shamba la mihogo.

Jina ameandika. Herufi zinapinda, na mwisho wa mstari zimeshuka chini. Nikatafuta mwandiko wake wa zamani, daftari la hesabu za mawe la miaka ya nyuma. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kikombe kinagonga kisahani, chai inamwagika. Mama anasema ni uzee.

Maji tunachota kisima cha pampu, siyo mbali na mwalo. Sigara alivuta zamani, aliacha alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho.

Paketi ya "kurudisha madini" nimesoma lebo. Kidonge kimoja: zinki miligramu 50, seleni mikrogramu 200, kromiamu mikrogramu 500, magnesi miligramu 200. Wamemwambia ameze viwili kwa siku. Ya "kuondoa sumu" ni unga wa kijani, haina lebo ya kilichomo, ina picha ya ini linalotabasamu.

Na kitu kingine nimekuta leo. Zebaki aliyobakiza iko kwenye chupa ya soda chini ya kitanda chao. Wifi yangu mjamzito analala chumba cha jirani, na anakula pemba, ule udongo wa wajawazito, kama karanga.

NesiWaAlhamisi:

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, nakaa na kliniki ya kisukari na presha, nisingependa kutaja wapi. Naongezea kwenye vidonge tu, mengine mzee kayamaliza.

Binti, hiyo lebo inanipa wasiwasi. Zinki, kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku kwa jumla. Baba anaambiwa ameze 100. Zinki nyingi ikimezwa muda mrefu inazuia shaba isinyonywe, na shaba ikipungua mtu anapungukiwa damu na mishipa ya fahamu ya miguu inaharibika. Yaani ganzi na kuyumba, dalili zile zile tunazosema ni za kisukari. Mgonjwa anaongeza dozi kwa sababu miguu imezidi, kumbe dozi ndiyo inayozidisha.

Seleni: najua mzee kasema zebaki inaifunga, na mtu angedhani basi tuiongeze. Kuna jaribio la Marekani, majibu yake ya kisukari yalitoka 2007. Waliomeza mikrogramu 200 kila siku kwa miaka walipata kisukari cha aina ya pili wengi zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Baba anamezeshwa 400. Dagaa na samaki wana seleni ya kutosha, na watu wa ziwani hamna shida ya dagaa.

Kromiamu sipotezi muda. Miongozo ya kisukari haishauri kuimeza wala kuimezesha mgonjwa ambaye hana upungufu uliothibitishwa.

Magnesi ndiyo inayonifanya nikune kichwa kidogo, maana baba anaweza kweli kuwa chini. Sukari ya juu inaitoa, na kile kidonge cha kukojoza kinaitoa pia. Na omeprazoli, kama anaimeza kwa vidonda vya tumbo, ikitumika muda mrefu nayo inaishusha. Lakini figo zikishachoka haziwezi kuitoa magnesi ya ziada, inajaa kwenye damu, na hapo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ndiyo maana hatumpi mtu mwenye protini kwenye mkojo kabla ya kuona kreatinini. Apimwe kreatinini, potasiamu na magnesi siku moja. Hata hivyo mjue magnesi ya kwenye damu ni chini ya asilimia 1 ya magnesi yote ya mwili, kwa hiyo ikisoma kawaida haimaanishi ghala limejaa.

Miguu kuwaka: muulize daktari kuhusu vitamini B12. Metformini ikimezwa miaka mingi inaishusha, na hiyo inatibika kwa bei ya chini kuliko mbuzi mmoja. Asiache metformini kwa sababu ya maneno yangu!

Unga wa kijani usiendelee nao. Mwaka 2008 Marekani walichunguza dawa 193 za asili za Kihindi zilizouzwa mtandaoni, kama moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Unanunua cha kuondoa zebaki kumbe unainunua zebaki yenyewe. Na dawa za asili za kisukari, nchi mbalimbali, zimewahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Ndiyo maana mgonjwa anasema "sukari imeshuka kweli", halafu usiku anaanguka. Dawa ya asili halali ina usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwombeni muuzaji namba, muone atakavyokumbuka kwamba simu yake inaita.

Wifi aache pemba. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa udongo unaoliwa na wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo hapa hapa Tanzania, na walikuta metali za sumu ndani yake. Juu ya hapo udongo unazuia madini ya chuma yasinyonywe, na mwenye upungufu wa chuma ananyonya risasi na kadimi kwa wingi zaidi. Hamu ya udongo mara nyingi inakuja na upungufu wa damu, kwa hiyo apimwe damu, asifokewe tu.

mama_mikindani:

Pole dadangu. Mimi niko Mombasa, si mbali na Owino Uhuru, pale kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Kilifungwa 2014, na mwaka 2020 korti ikaamua watu walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi hiyo ilienda hadi korti ya juu kabisa. Kwa hivyo kwetu risasi si hadithi.

Mimi nina sukari, na nilipimwa risasi kwa damu. Ilikuwa juu kidogo, si ya kulazwa. Lililonisaidia ni daktari mmoja kijana aliyeona kitu ambacho wengine walipita. Kipimo changu cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa hakilingani na mashine yangu ya kidole nyumbani. Akanieleza kwamba kile kipimo kinategemea chembe nyekundu za damu, na damu ikiwa na kasoro, ya risasi au ya upungufu wa chuma, kile kipimo chaweza kupotoka, kupanda au kushuka. Kwa hivyo muulizieni baba kama damu yake iko sawa, msije mkahangaika na namba isiyo yake.

Akanipa madini ya chuma kwa muda maalumu, akaniambia chai nisinywe na chakula, ningoje. Ya chai ndiyo ilikuwa ngumu. Sisi hapa mtu bila chai ya maziwa na mahamri hajaamka.

Pia akaniuliza sufuria. Zile nzito za kienyeji, zinazoyeyushwa kwa vyuma vya magari na makopo na kumwagwa kwenye mchanga. Walipima za Kamerun wakakuta zinatoa risasi kwenye chakula, hasa chakula chenye uchachu. Mimi nilikuwa napikia mchuzi wa ukwaju ndani yake. Sasa ile sufuria imekaa nje, kuku wananywea maji... nimekumbuka hapa naandika. Naitoa.

Na umri, dada. Sisi wanawake hedhi ikikoma mifupa inapungua, na risasi iliyolala mle inarudi kwenye damu. Mama yako aliyekaa na moshi wa jikoni, naye apimwe. Mnamzungumzia baba tu.

Msukuma_wa_Dar:

Huku Dar kuna sehemu wanatundika dripu ya kuvuta metali kwenye damu. Jirani yangu mwenye kisukari ametundikiwa, anasema anajisikia kijana. Bei imechangamka lakini mzee si angepata moja kwa moja kuliko kuhangaika na dagaa?

MzeeWaMaabara:

Hiyo dripu bila shaka ni EDTA, na habari yake ni nzuri kuisikia yote. Mwaka 2013 Marekani walitoa majibu ya jaribio la watu waliowahi kupata shambulio la moyo. Dripu ilionekana kusaidia kiasi, na waliosaidika zaidi walikuwa wenye kisukari. Watu wakafurahi, wakarudia kwa wenye kisukari watupu, kama elfu moja hivi. Majibu yakatoka 2024. Risasi kwenye damu ilishuka kwa asilimia 61. Dripu ilifanya kazi yake ya kuvuta. Lakini mashambulio ya moyo, viharusi, vifo: hakuna tofauti na waliotundikiwa maji matupu.

Halafu EDTA haina macho. Inavuta risasi na kadimi, na zinki inaivuta pia, tena kwa wingi. Unatibu upungufu wa zinki kwa kumwaga zinki. Na ipo aina mbili. Ile isiyo na kalsiamu ikitumiwa ovyo inashusha kalsiamu ya damu mpaka moyo unasimama. Marekani watu watatu walikufa hivyo kati ya 2003 na 2005, wawili kati yao watoto. Tena kwa zebaki EDTA siyo dawa yenyewe. Mwenye sumu ya zebaki iliyothibitishwa, ana dalili, ana namba, hutibiwa hospitali kwa dawa nyingine, daktari akiangalia figo. Jirani yako kujisikia kijana namtakia heri.

Na msikubali mtu akupe kidonge cha kuvuta metali kwanza halafu apime mkojo baada ya hapo. Kila binadamu mkojo wake utasoma juu ukifanyiwa hivyo, hata mimi niliyekaa benchi.

Binti, kazi yako ya leo ni ile chupa. Usiimwage chooni wala shambani, na usiipeleke jikoni. Itoke chumbani sasa hivi: chupa nzima isiyovuja, maji kidogo juu ya zebaki, mfuniko umekazwa, ndani ya ndoo yenye kifuniko, nje kwenye kivuli, imefungiwa watoto wasiifikie. Godoro na nguo za kazi za mzee zianikwe nje, na hizo nguo zisifuliwe pamoja na za wifi. Jikoni mvuke ulishika kwenye masizi ya bati na kuta. Masizi yafagiliwe yakiwa yamelowanishwa, mjamzito na watoto wakiwa hawapo.

Habari njema ipo. Zebaki ya kuvuta haikai kama kadimi. Mtu akiacha kuivuta, mwilini inapungua nusu kwa kama miezi miwili. Akiacha leo, mkojo wa baada ya miezi sita utakuwa umebadilika bila paketi hata moja. Mkono kutetemeka unaweza kupungua, siahidi.

Chakula mle mnachokula, kwa akili kidogo tu: dona badala ya sembe, kwa kuwa magnesi iko kwenye ganda walilolitoa; maharage yalowekwe usiku maji yamwagwe, zinki inatoka vizuri zaidi; mbegu za maboga mnazotupa, zikaangwe. Dagaa. Na kipimo cha ugali alichopewa kliniki kibaki kile kile, dona siyo ruhusa ya kujaza sahani.

BintiNyarugusu:

Chupa imetoka. Baba amenuna, anasema ile ni hela. Nimemwambia hela itakaa nje.

Paketi zote mbili nimezifungia kabatini kwangu. Tunakwenda Mwanza wiki ijayo, mimi, baba, mama na wifi. Nimeandika kwenye karatasi: mchomaji wa dhahabu kwa zebaki, zaidi ya miaka 20, mara nyingine ndani ya nyumba, vidonge vyote anavyomeza pamoja na hizi paketi, na kisima. Kuna kingine cha kuandika?

NesiWaAlhamisi:

Andika sigara na mwaka alioacha. Andika mkono ulianza kutetemeka lini, kabla au baada ya kisukari, hata kwa kukadiria. Na beba zile paketi zenyewe, daktari azishike. Zile karatasi za rangi ziacheni nyumbani, zitawapotezea dakika zenu za kumwona daktari.

Karasha77:

Mzee wa maabara, swali la pembeni. Kuna ritoti, kile chombo kilichofunikwa cha kuchomea chenye bomba, je, inakamata mvuke wote? Na mimi nikitaka kupima mkojo naanzia wapi, nisiambiwe tena ini limechoka.

MzeeWaMaabara:

Wote hapana, sehemu kubwa ndiyo, kama haivuji kwenye maungio na mwisho wa bomba umepozwa kwa maji. Usiifungue ikiwa moto. Na zebaki inayorudi unaitumia tena, kwa hiyo hata mfukoni unafaidika. Choma nje, upepo ukitoka mgongoni kwako, watu wasiwe upande unakoelekea.

Kupima, nenda kwa daktari ukamwambie kazi yako kwa kinywa chako. Akiandika "mkulima", mrudishie kadi.

Karasha77:

Sawa mzee. Ritoti wanauza bei gani siku hizi?